Haba na Haba: Mbolea Yetu na Maji ya Kijani Ziwani

(Hotuba ya Mwenyekiti, iliyosomwa kwa niaba ya kikundi siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi)

 

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka kumi si mchezo. Tulianza akina mama kumi na wanane chini ya mwembe, hisa moja shilingi elfu moja, na sanduku la bati lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa akina mama watatu tofauti. Kuna waliotucheka. Walisema akina mama hawakai pamoja miezi mitatu bila kugombana. Kugombana tumegombana, hatufichi, lakini sanduku halijavunjika hata siku moja. Leo tuko thelathini na wanne. Kuna waliosomesha watoto, kuna walioezeka bati, kuna waliotoka kwenye deni la dukani. Mengine Katibu wetu ameyaandika vizuri katika kitabu hiki, na Mhasibu ameweka hesabu zake, kwa hiyo hatutayarudia.

Sisi leo tumeona tuzungumze jambo moja tu. Ni lile lililotugombanisha mwaka jana hadi kikundi kikakaribia kugawanyika vipande viwili. Tena ndilo jambo lililofanya leo mtuone tumevaa vitenge vya zamani badala ya sare mpya mliyokuwa mkiingoja. Jambo lenyewe ni mbolea ya chumvichumvi na yale maji ya kijani.

Ugomvi ulivyoanza

Wote mnakumbuka. Ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua za vuli zimenyesha siku nne mfululizo, halafu zikakatika. Jua likawa kali, upepo ukatulia, ziwa likalala kama maji ya kwenye beseni. Siku ya tatu tukaenda kuchota maji tukakuta utando wa kijani umefunika mwalo wetu wote, mzito kama rangi ya mafuta iliyomwagika. Ukichovya mkono unatoka umepakwa. Harufu yake ni ya majani yaliyooza. Asubuhi iliyofuata sato wadogo na furu walikuwa wanaelea matumbo juu.

Watoto waliooga mle waliwashwa ngozi. Mwenzetu mmoja alikuwa na ng'ombe wawili waliokunywa maji pale pale kwenye utando, na wote wawili wakafa ndani ya siku chache. Hatukuwa na kipimo cha kuthibitisha walikufa na nini, kwa hiyo hatutasema zaidi ya tulichokiona. Lakini ng'ombe wale wawili ndio walikuwa dhamana ya mkopo wake, na wote mnajua maana yake.

Basi katika kikao cha Ijumaa yake moto ukawaka. Wenzetu wa dagaa na samaki walisimama wakasema: "Haya ni ya watu wa bustani. Wanamwaga mbolea ufukweni, inaingia ziwani." Wenzetu wa bustani nao wakajibu: "Sisi tunalima nyanya na kabichi na vitunguu, na mbolea tunayotumia tumekopeshwa na kikundi hiki hiki. Mlipokula riba ya mikopo yetu mbona hamkulalamika?" Hapo kila mtu alinyamaza, maana ni kweli. Mwaka ule kikundi kilikuwa kimekopesha wakulima wetu kumi na watatu mifuko miwili ya DAP kila mmoja, jumla mifuko ishirini na sita, mbali na urea. Tulikuwa tunajisifu kwa mikopo hiyo, kwa sababu ilikuwa inarudi yote.

Sasa jamani, ikawa swali si nani mbaya. Swali likawa: hivi kweli mbolea inaweza kugeuza ziwa kuwa kijani? Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na wengine hawakufika huko. Tukaona tusihukumu jambo tusilolijua. Tukamwita Bwana Shamba, tukamwita na mtaalamu wa maji, na kijana wa mwenzetu anayesoma chuo akatusomea na kutufasiria. Haya tunayoyasema hapa ndiyo tuliyoelewa, tumeyaandika kwa lugha yetu ili na aliyekosa kikao ayapate.

Mwani huu ni kitu gani

Watu huuita mwani wa kijani-buluu. Wataalamu wanasema kwa asili yake si mwani hasa, ni jamii ya bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho mpaka vikusanyike kwa mamilioni. Lakini vinajitengenezea chakula kwa jua kama majani yanavyofanya. Ni viumbe wa kale sana, wako duniani zaidi ya miaka bilioni mbili, na ndio walioanza kuijaza dunia oksijeni tunayovuta. Kwa hiyo si adui alioletwa juzi. Walikuwamo ziwani kabla ya babu zetu. Kilichobadilika ni chakula chao, kimezidi.

Mmea wa nyanya unataka nini? Unataka maji, jua, naitrojeni na fosforasi. Mwani nao unataka hivyo hivyo. Maji na jua ziwani havikosekani. Kinachouzuia usijae siku zote ni uhaba wa hizo mbili za mwisho, hasa fosforasi. Sasa tazama mfuko wa DAP ulivyoandikwa: 18-46. Ile 18 ni naitrojeni, na ile 46 ni fosforasi inavyohesabiwa kiwandani. Ukiichambua, mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 9 na fosforasi yenyewe kilo 10 hivi. Urea yeye hana fosforasi, ana naitrojeni tupu, asilimia 46. Kwa maneno mengine, tunachonunua kukuzia nyanya ndicho hicho hicho mwani unachokitafuta.

Mwani huu una ujanja wa aina yake, na ujanja huo ndio unaoufanya ushinde mimea mingine midogo ya majini. Kwanza, ndani yake una vifuko vidogo vya hewa. Maji yakitulia unapanda juu kwenye jua na kuwafunika wengine kivulini. Ndiyo maana tuliuona baada ya upepo kukatika. Pili, baadhi ya aina zake zinaweza kuchukua naitrojeni kutoka hewani. Kwa hiyo ukiwapa fosforasi tu, wanayobakia wanajitafutia wenyewe. Tatu, aina nyingine kama ile iitwayo Microcystis haiwezi kuchukua ya hewani, lakini inapenda sana naitrojeni iliyoyeyuka majini, ikiwemo urea. Nne, wanajua kuweka akiba. Fosforasi ikiwa nyingi wanaihifadhi mwilini kuitumia siku ya dhiki. Tuliposikia hilo tukacheka: kumbe nao wana kikundi chao cha kuweka na kukopa.

Mwani ukijaa, samaki wanakufaje? Mchana unatoa oksijeni, lakini usiku wenyewe unaivuta. Ukifa na kuzama, vijidudu vinavyouozesha vinakula oksijeni iliyobaki. Alfajiri maji yanakuwa hayana pumzi, samaki wanakosa hewa. Ndiyo maana mizoga tuliikuta asubuhi.

Chupa tatu

Kuna waliosema haya ni maneno ya kitabuni. Basi tukaamua tujionee. Tulichukua chupa tatu za maji zinazopitisha mwanga, tukazijaza maji ya ziwa yaliyochotwa mahali pamoja. Ya kwanza hatukutia kitu. Ya pili tukatia punje chache za urea. Ya tatu tukatia punje chache za DAP. Tukaziweka dirishani juani nyumbani kwa Katibu, na kila mwanachama alikuwa huru kupita kuzitazama ili asije mtu akasema tumezichezea.

Baada ya wiki mbili chupa ya kwanza ilikuwa karibu kama ilivyokuwa. Ya urea ilikuwa na ukijani hafifu. Ya DAP ilikuwa kijani kibichi, huoni upande wa pili. Mwenzetu mmoja wa bustani, ambaye kikaoni alikuwa mkali kuliko wote, aliishika ile chupa ya tatu kimya kwa muda mrefu, kisha akasema: "Hii ni nyanya yangu." Tangu siku hiyo ugomvi ulianza kupoa.

Kijana wetu wa chuo akatuambia kwamba jaribio kama hilo lilishafanywa kwa ziwa zima. Ni huko Kanada, mwaka 1973. Mtaalamu aitwaye David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo lililoumbika kama namba nane, wakaligawa katikati kwa pazia la plastiki. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili wakatia hizo hizo, wakaongeza na fosforasi. Upande wa fosforasi uligeuka kijani, ule mwingine ukabaki maji. Picha yake iliyopigwa kutoka angani ilienea dunia nzima, na ikawasaidia viongozi wa huko kukubali kuipunguza fosforasi kwenye sabuni na maji taka. Wao walikuwa na pazia, sisi tulikuwa na chupa za maji, lakini jibu lilikuwa moja.

Hesabu ya mifuko yetu

Sisi ni watu wa akiba, kwa hiyo tulitaka hesabu. Wataalamu wanakadiria kuwa kilo moja ya fosforasi ikifika majini yaweza kulisha kilo 500 hivi za mwani mbichi. Mifuko yetu ishirini na sita ya DAP ilikuwa na fosforasi kilo 260. Tuseme tisa ya kumi ilibaki shambani, ikaenda moja tu ya kumi. Hiyo ni kilo 26. Zidisha kwa 500 unapata kilo elfu kumi na tatu, yaani tani 13 za mwani. Hatusemi ndivyo ilivyokuwa mwaka jana, hakuna aliyepima. Tunasema hesabu yaweza kufika huko, na tani 13 zinatosha kuuharibu mwalo mdogo kama wetu.

Nayo hufikaje ziwani? Naitrojeni inayeyuka upesi, inakwenda na maji yenyewe. Fosforasi tabia yake ni nyingine: inashikamana na udongo. Udongo ukikaa, nayo inakaa. Udongo ukisombwa, nayo inasombwa. Wenzetu wengine walikuwa wanalima hadi pale maji yanapoishia, ili kumwagilia kwa ndoo kusiwe kazi. Kiangazi chote wanatupia mbolea juu ya matuta bila kuifukia, na mmea msimu ule hauchukui hata nusu ya fosforasi uliyopewa. Inayobaki inasubiri juu ya udongo. Vuli inapiga siku nne, udongo wote laini unaingia majini. Halafu tunashangaa.

Jambo jingine tulilojifunza ni hili. Ziwa letu ni kubwa, kilomita za mraba 68,800, na watu husema kitu kikubwa hivyo hakiwezi kuchafuka. Lakini maji mengi ya ziwa hili huondoka kwa kupaa na jua, na yanayotoka kwa Mto Nile ni kidogo kuliko hayo. Maji yanapaa, fosforasi haipai. Inabaki mle mle. Wataalamu waliolinganisha vipimo vya miaka ya 1960 na vya miaka ya 1990 walikuta fosforasi imeongezeka karibu mara mbili, na mwani umeongezeka mara kadhaa. Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii tunaiimba kila Ijumaa tunapofungua sanduku, kumbe hata mabaya yanajaza kibaba kwa mtindo huo huo.

Haki kwa wakulima wetu

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri, maana kuna watakaotoka hapa wakisema Mwenyekiti ameilaani mbolea. La hasha.

Mbolea ya dukani peke yake sio iliyolifanya ziwa hili liwe kijani. Sehemu kubwa ya fosforasi inaingia na udongo wa mashamba yaliyolimwa kwenye miteremko bila makinga maji, na miti iliyokatwa. Sehemu kubwa nyingine inaanguka kutoka angani, vumbi na moshi wa mapori na mabua tunayoyachoma kila kiangazi. Maji taka ya mijini na viwanda yamo. Vyoo vyetu vinavyofurika mvua ikinyesha vimo. Sabuni tunayofulia na kuoshea vyombo mwaloni imo. Kwa hiyo aliyesimama na kidole kwa mwenye nyanya, huku kila Jumamosi anafua mle mle, naye ajitazame.

Tena Afrika yetu haitumii mbolea nyingi. Wakuu wa nchi walipokutana Abuja mwaka 2006 walisema wastani wa Afrika ulikuwa kilo 8 tu kwa hekta, wakaweka lengo la kufikisha 50. Ardhi yetu imechoka. Mahindi bila mbolea ni mabua. Hatuwezi kumwambia mama mwenye watoto watano aache mbolea ili maji yawe safi, kisha watoto wafe njaa wakiyatazama. Tatizo letu si wingi wa mifuko, ni mahali tulipoiweka na namna tulivyoiweka.

Na wenzetu wa nchi tajiri yamewapata pia. Ziwa Erie, kati ya Marekani na Kanada, liliharibika kwa mwani, wakaweka makubaliano mwaka 1972 na kupunguza fosforasi ya maji taka na sabuni, likapona. Baadaye likaanza kuugua tena, na safari hii sehemu kubwa ni mbolea za mashambani. Mwezi wa Agosti mwaka 2014 watu wapatao laki tano wa mji wa Toledo na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku mbili tatu, kwa sababu ya sumu ya mwani. Mji wenye mitambo yote! Sasa sisi wa ndoo kichwani je?

Sumu yake

Hili ni la kila nyumba, aliyesinzia tunaomba aamshwe na jirani yake.

Si kila mwani wa kijani-buluu una sumu, lakini kwa macho huwezi kujua upi unayo. Sumu inayojulikana zaidi huitwa maikrosistini, nayo hushambulia ini. Mwaka 1996 katika mji wa Caruaru, Brazili, wagonjwa wa figo zaidi ya hamsini walikufa baada ya maji yenye sumu hii kutumika kusafishia damu yao. Huku kwetu, taarifa ya utafiti iliyotolewa mwaka 2005 ilionyesha kuwa sumu hii imo katika Ghuba ya Mwanza. Na mwaka 2018 watafiti walitoa taarifa ya dagaa waliokaushwa juani upande wa Kenya, nao walikutwa nayo.

Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kipindupindu na kuhara, endeleeni kuchemsha. Lakini kuchemsha hakuondoi sumu hii. Maji ya kijani ukiyachemsha ni maji ya sumu ya moto. Dawa ya klorini nayo ukiitia kwenye maji yaliyojaa mwani inaupasua, sumu iliyokuwa ndani inatoka. Kuchuja kwa kitambaa kunapunguza mwani, hakuondoi sumu iliyokwisha yeyuka. Kwa hiyo:

Ukiona utando usichote hapo kabisa. Nenda kisimani.

Watoto wasioge, mifugo isinyweshwe hapo mpaka utando uondoke na siku kadhaa zipite.

Samaki mtoe matumbo na ini, mwoshe kwa maji safi.

Dagaa wasioshwe kwa maji ya kijani, na wavuliwe mbali na utando. Wenzetu wa dagaa, jina lenu sokoni ndilo mtaji wenu. Mtu mmoja akiugua, soko zima linawakimbia.

Tulivyoamua

Kikao cha Januari kilikaa toka saa nne hadi jioni. Mapendekezo yalikuwa matatu. Kundi moja lilitaka kikundi kisikopeshe mbolea tena. Kundi la pili lilitaka mambo yaendelee kama zamani. La tatu ndilo lililopita, kwa kura ishirini na tano kati ya thelathini na nne, na ni hili:

Kwanza, mkopo wa mbolea unaendelea, lakini una masharti. Bustani iwe mbali na maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 za ufuko wa ziwa au ukingo wa mto shughuli za kudumu au zile zinazoweza kuuharibu ufuko. Kwa hatua za mama wa kawaida ni kama hatua themanini. Kamati imezipima yenyewe kwa kamba, na tumechomeka vigingi.

Pili, mbolea haitupwi juu ya ardhi. Inawekwa shimoni na kufukiwa, kifuniko kimoja cha soda kilichosawazishwa kwa shimo la mahindi. Kifuniko ni gramu 5 hivi. Mfuko wa kilo 50 unatosha mashimo elfu kumi, ambayo ni zaidi kidogo ya ekari moja. Hakuna kuweka wingu zito likionekana. Urea inagawanywa mara mbili, sio kumwagwa kwa siku moja.

Tatu, kila bustani iwe na mstari wa majani ya tembo upande wa chini. Majani yale yanakamata udongo kabla haujafika ziwani, na ng'ombe wanakula. Samadi na mboji zitangulie, mbolea ya dukani ije kuongezea. Lakini hata samadi ina fosforasi, nayo isirundikwe karibu na maji.

Nne, kufua na kuosha vyombo ndani ya ziwa mwisho. Tunachota, tunafulia juu, maji machafu tunamwaga kwenye migomba.

Sasa lile gumu. Wenzetu wanane kati ya wakulima kumi na watatu walikuwa na bustani zao ndani ya vigingi. Kuwaambia wahame bila kuwapa pa kwenda ingekuwa ni kuwafukuza kikundini. Mmoja ni mjane, bustani ile ndiyo iliyomlea. Alilia kikaoni, nasi wengine tulilia naye. Hapo ndipo mwenzetu wa dagaa, yule yule aliyeanzisha ugomvi, alisimama akasema: "Mfuko wa sare una shilingi ngapi?"

Mfuko wa sare ulikuwa na shilingi laki tano na elfu kumi, elfu kumi na tano za kila mmoja wetu, tulizochanga kwa ajili ya siku hii ya leo. Kitenge tulikuwa tumeshakichagua. Tulikubaliana wote. Shilingi laki tatu na sitini tulikodi ekari mbili huku juu kwa miaka mitatu, robo ekari kwa kila mmoja wa wale wanane. Laki moja na nusu iliyobaki tulinunua saruji, tukakitengeneza kile kisima cha zamani kilichokuwa kimebomoka mdomo. Pampu ya kukanyaga tumeinunua kwa mfuko wa jamii.

Kwa hiyo Mgeni Rasmi, ukituona na vitenge vilivyopauka, usidhani tumekosa adabu ya kukupokea. Sare yetu ya miaka kumi iko kule juu, ni ya kijani, na safari hii ni kijani cha kabichi.

Matatizo na maombi

Hatujamaliza. Robo ekari ni ndogo kuliko walizoziacha, na maji yako mbali zaidi. Wawili kati ya wale wanane wamechelewa marejesho, na kikundi kimewaongezea miezi mitatu bila faini. Tena sisi ni mwalo mmoja tu. Jirani akiendelea kulima hadi majini, utando wake utatufikia kwa upepo.

Tunaomba kwa heshima mambo matatu. Serikali ya Kijiji isimamie zile mita 60 kwa wote, wenye nguvu na wasio na nguvu, isiwe kwa akina mama peke yao. Bwana Shamba atusaidie kupimiwa udongo, maana huenda kuna mashamba tunayoyatilia DAP wakati hayaihitaji, hasara kwetu na kwa ziwa. Na wenye uwezo watuletee kisima kirefu kimoja, ili siku ya utando kusiwe na nyumba inayolazimika kuchota kijani.

Akina mama wenzetu, miaka kumi iliyopita tulifundishana kwamba shilingi mia iliyowekwa kila wiki inakuwa bati. Leo tumejifunza kwamba konzi ya mbolea iliyotupwa ovyo kila wiki inakuwa sumu. Ni hesabu moja. Ziwa nalo ni sanduku letu, tena hili halina kufuli. Funguo zake tunazo sote, na kila mmoja anaweka anachokitaka. Tuangalie tunaweka nini.

 Karibuni chakula. Dagaa walioko mezani ni wa maji mengi, wameoshwa kwa maji ya kisimani, na kabichi ni ya huku juu. Kuleni bila wasiwasi.

Mungu akibariki kikundi chetu, na atulindie ziwa letu.